Mwongozo Kamili wa Kufuga, Kuzalisha na Kuwinda Sungura kwa Fereti

Fereti ni mnyama mdogo wa kufugwa, wa jamii ya vicheche, mwenye mwili mrefu mwembamba na miguu mifupi, ambaye hutumwa ndani ya mashimo ya sungura ili awatimue, nao wakitoka mbio wanaswe kwa nyavu zilizotandazwa milangoni. Asili yake ni kicheche wa Ulaya, na kazi hii ameifanya kwa takriban miaka 2000: waandishi wa enzi za Dola la Roma walikwisha kueleza jinsi alivyotumiwa katika visiwa vya Baleari, Hispania, ambako sungura walizidi hadi wakaharibu mazao.

Kiswahili hutumia neno sungura kwa wanyama wawili wenye tabia tofauti kabisa. Yupo yule anayelala juu ya ardhi, katika kificho cha nyasi, na kuitegemea mbio yake. Huyo fereti hana kazi naye. Anayezungumziwa hapa ni sungura mchimbaji wa Ulaya, ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Oryctolagus cuniculus. Yeye ndiye asili ya sungura wote wa kufugwa, na huishi kwa makundi katika mashimo yenye njia nyingi na milango mingi. Ni kwa sababu ya maisha hayo ya chini kwa chini ndipo fereti akapata nafasi yake, kwa kuwa hakuna mbwa wala mtu anayeweza kupita anapopita yeye.

Jambo moja lifahamike tangu mwanzo, kwa maana maelekezo yote yafuatayo yanalitegemea. Fereti hatumwi shimoni ili aue. Hutumwa ili harufu yake na kishindo chake vimfanye sungura aone ni heri kutoka. Fereti anayeua chini ya ardhi hula, hushiba, hulala palepale, na mwindaji hubaki juu akichimba hadi giza liingie. Kwa hiyo namna mnyama anavyolishwa, anavyoshikwa na anavyopelekwa kazini, yote hulenga kupata mnyama mtulivu, mwenye nguvu, anayepita shimoni na kurudi mkononi kwa hiari yake.

Sheria na ruhusa

Kabla ya kumtafuta mnyama, ulizia sheria ya nchi unayoishi, kwa sababu hazilingani. Nchini Marekani, majimbo ya California na Hawaii hayaruhusu kumfuga kama mnyama wa nyumbani; Australia, jimbo la Queensland na eneo la Northern Territory nayo yamepiga marufuku. New Zealand inatoa funzo zito zaidi: fereti waliletwa huko katika karne ya 19 ili wapunguze sungura, wakaachiwa porini, wakageukia ndege wa asili wasioweza kuruka, kiwi akiwa mmoja wao, na tangu 2002 kuwauza na kuwazalisha kumezuiwa. Fereti aliyepotea katika nchi ambayo ndege wake hawakuzoea mnyama wa namna hii ni madhara yasiyorekebishika. Asipelekwe wala asiachiwe mahali ambapo sungura wa mashimo si mnyama wa kawaida wa eneo hilo.

Nchini Uingereza, ambako uwindaji huu una mizizi mirefu, mtu hahitaji leseni ili kufuga fereti, lakini ni lazima apate ruhusa ya mwenye ardhi, na ni vyema ruhusa hiyo iwe ya maandishi na itaje mipaka ya shamba. Huko pia mashimo ya beja, mnyama anayefanana kidogo na nyegere, yanalindwa na sheria ya 1992, na si halali kuyavuruga. Hata pasipo sheria hiyo, shimo la beja au la mbweha si la kumwingiza fereti, kwani anaweza kuuawa humo. Mlango wa sungura kwa kawaida ni mdogo, una vinyesi vya duara kama punje karibu yake na nyasi zilizotafunwa fupi. Mlango mkubwa wenye lundo kubwa la udongo uliotupwa nje, au wenye harufu kali ya mbweha, pita mbali nao.

Kuchagua mnyama

Anza na wawili. Fereti hupenda kulala pamoja na kucheza pamoja, na akiwa peke yake huzubaa. Kwa anayeanza ningeshauri majike wawili wa uzao mmoja, kwa sababu jike ni mdogo, mara nyingi kati ya nusu kilo na kilo moja, na hupenya katika matundu ya wavu bila kuuvuta. Dume huweza kufikia kilo mbili, hufaa kwa kazi nyingine nitakayoieleza mbele, lakini katika majira ya uzazi harufu yake ni nzito na hugombana na madume wenzake.

Mtoto wa kuchukuliwa awe na umri wa wiki 8 hadi 10, macho yang'ae, masikio yawe safi, meno yakutane vizuri, na manyoya yasiwe na mabaka. Mtazame mama yake pia: kama mama anaumauma mkono wa mwenyewe, usitegemee watoto kuwa wapole. Kuhusu rangi, kuna weusi wenye kinyago cha kahawia usoni wanaofanana na kicheche wa mwituni, kuna wa rangi ya mchanga, na kuna weupe wenye macho mekundu. Rangi haibadilishi uwezo wa kazi. Hata hivyo, mweupe huonekana kwa urahisi anapotokeza kwenye majani makavu, na jambo hilo dogo huokoa muda mwingi jioni.

Makazi

Kizimba cha fereti wawili kiwe na urefu usiopungua mita moja na nusu, na kikiwa kikubwa zaidi ni bora, kwani mnyama huyu hulala saa 14 hadi 18 kwa siku lakini zile chache anazokuwa macho huzitumia kwa kukimbia, kupanda na kuchimbua. Ndani kuwe na kijumba cha kulalia chenye giza, kilichojazwa nyasi kavu au mabua laini, na sakafu itandikwe maranda yasiyo na vumbi. Wavu wa waya uwe wa chuma kilichounganishwa imara. Kanuni ya kukumbuka ni kwamba panapopita kichwa cha fereti na mwili mzima utapita, na kwa watoto tundu la sentimita mbili na nusu tayari ni kubwa mno.

Fereti huchagua kona moja ya kujisaidia na kuirudia kila siku, nayo isafishwe kila siku. Harufu mbaya inayolaumiwa kwa mnyama aghalabu ni harufu ya kizimba kisichosafishwa.

Baridi haimdhuru sana akiwa na malazi makavu. Joto humwua. Hana uwezo wa kutosha wa kutoa jasho, na hewa ikifika nyuzi 30 za selsiasi yuko hatarini. Dalili ni kuhema mdomo wazi, kulegea na kulala akiwa amejinyoosha. Kizimba kikae kivulini mchana kutwa, si asubuhi tu, na siku za joto kali iwekwe chupa ya maji yaliyogandishwa ili alale ubavuni mwake. Aliyezidiwa aloweshwe kwa maji ya baridi ya kawaida, si ya barafu, kisha apelekwe kwa daktari wa wanyama bila kuchelewa. Wala asiachwe ndani ya gari lililofungwa, hata kwa dakika chache.

Chakula

Kwa vizazi vingi wawindaji waliwalisha fereti wao mkate uliolowekwa kwenye maziwa, na wengi wa wanyama hao walidhoofika, wakaharisha na kufa mapema. Fereti ni mla nyama halisi. Utumbo wake ni mfupi, hana kibole cha kuchachushia mimea, na chakula humpitia kwa saa 3 au 4 tu, kwa hiyo huhitaji kula mara nyingi kwa kiasi kidogo, chakula chenye protini nyingi ya nyama na mafuta ya kutosha. Wanga na sukari havimfai.

Chakula bora kuliko vyote ni mnyama mzima: sungura akiwa na manyoya, mifupa na viungo vya ndani, au vifaranga. Mifupa mibichi husafisha meno na kutoa madini. Iliyopikwa huvunjika vipande vikali, asipewe. Sungura aliyeuawa kwa risasi ya madini ya risasi asilishwe fereti, maana chembe ndogo zilizobaki nyamani ni sumu. Masalia ya nyama yaondolewe kila siku, hasa wakati wa joto, kwa kuwa fereti huficha chakula chini ya malazi, na nyama iliyooza yaweza kuleta botulizimu, ugonjwa unaopoozesha na kuua. Ukikosa nyama mbichi ya kutegemewa, chakula kikavu kilichotengenezwa mahsusi kwa fereti kinatosha. Maji safi yawepo wakati wote, katika chupa na katika bakuli zito asiloweza kulipindua.

Kumzoesha mkono

Hapa ndipo mwindaji hupatikana. Fereti asiyeshikika kwa urahisi atasimama mlangoni mwa shimo, atautazama mkono wako, kisha atarudi ndani; nawe utapoteza saa nzima kwa sababu ya dakika 10 za kila siku ulizozipuuza nyumbani.

Macho yake ni dhaifu, na hujua mambo kwa kunusa na kusikia. Usimfikie ghafla kutoka juu wala usimshike akiwa usingizini. Sema naye kwanza, mpe nyuma ya ngumi anuse, kisha mwinue kwa kuzungusha kidole gumba na kidole cha shahada nyuma ya miguu ya mbele, mkono wa pili ukibeba makalio. Watoto wana meno kama sindano na hucheza kwa kuuma. Wasipigwe. Mwenye kuuma ashikwe kwa ngozi ya shingo, kama mama yake anavyombeba, hadi alegee na kupiga miayo, kisha aachiwe. Osha mikono kabla ya kumshika, kwani kidole kinachonuka damu ya sungura kwake ni chakula.

Tangu wiki za mwanzo mzoeshe mambo matatu: kupita katika bomba la upana wa sentimita 15 hivi, kuvaa ukosi wa kazi, yaani mkanda wa shingoni, kwa muda mfupi, na kuja kuchukuliwa anapotoka upande wa pili. Usimnyakue anapotokeza kichwa tu. Msubiri atoke mwili mzima, ndipo umwinue polepole, umpe kipande cha nyama. Tabia ya kuchungulia mlangoni na kurudi ndani, ambayo huwachosha wawindaji wengi, hufundishwa na mikono yenye pupa.

Afya

Ugonjwa wa kuogopwa kuliko wote ni distempa ya mbwa, maambukizi ya virusi ambayo kwa fereti karibu kila mara huishia kifo. Chanjo ipo, nayo itolewe kwa ratiba ya daktari wa wanyama, pamoja na ya kichaa cha mbwa pale ugonjwa huo ulipo. Fereti pia huambukizwa mafua na binadamu, kwa hiyo mwenye mafua amwachie mwingine kazi ya kulisha. Baada ya kila siku ya kazi chunguza masikio, makucha, nyayo na tumbo, utafute viroboto, kupe, utitiri wa masikio na mikwaruzo. Wembamba wa ghafla, udhaifu wa miguu ya nyuma au manyoya kunyonyoka mkiani ni mambo ya daktari, si ya dawa za kubahatisha.

Uzalishaji

Uzazi wa fereti huongozwa na mwanga. Siku zinaporefuka, ambapo katika nusu ya kaskazini ya dunia ni kuanzia karibu Machi, korodani za dume huvimba na kushuka, naye jike aliyezaliwa mwaka uliotangulia huingia kwenye joto, yaani wakati wa kutaka dume. Dalili yake ni uke kuvimba sana, jambo ambalo halimponyoki mtazamaji.

Hapa pana hatari ambayo kila mwenye jike hana budi kuijua, awe anataka watoto au hataki. Yai la jike huyu halishuki lenyewe. Hushuka kwa sababu ya kupandwa. Asipopandwa hubaki katika joto kwa wiki na miezi, na homoni ya estrojeni inayoendelea kujaa mwilini huharibu uboho, damu hupungua, na jike hufa. Zipo njia nne za kulizuia hilo. Ya kwanza ni kumpandisha kwa dume azae. Ya pili ni kumpandisha kwa dume aliyekatwa mirija ya mbegu, ambaye hufanya tendo lote bila kutunga mimba, na jike hukaa wiki sita hivi kana kwamba ana mimba, kisha huenda akarudi kwenye joto. Ya tatu ni sindano ya homoni ya daktari, na ya nne ni kipandikizi cha homoni kinachowekwa chini ya ngozi. Kumtoa kizazi kwa upasuaji pia huondoa hatari hiyo, lakini kumehusishwa na uvimbe wa tezi za juu ya figo maishani mwa baadaye, na ndiyo sababu madaktari wengi sasa hukielekea kipandikizi. Kwa mwenye majike kadhaa, dume mmoja aliyekatwa mirija ni mtumishi wa thamani kubwa.

Anayetaka kuzalisha ajiulize kwanza watoto wataenda wapi. Uzao mmoja wa kawaida ni watoto 8 hivi, na huweza kuzidi 12. Chagua wazazi watulivu, wenye afya, wasio ndugu, waliokwisha kuonyesha kazi yao shimoni. Jike apelekwe katika kizimba cha dume siku chache baada ya uvimbe kukamilika. Tendo lenyewe hutisha asiyelizoea: dume humng'ata jike shingoni, humburuta huku na huko, na kelele huwa nyingi kwa saa moja au zaidi. Usiwatenganishe. Waache siku moja au mbili, kisha mrudishe jike kwake. Uvimbe ukianza kunywea ndani ya wiki moja hivi, kazi imefanyika.

Mimba huchukua siku 41 au 42. Wiki mbili za mwisho jike akae peke yake, mahali pa kimya, awe na kijumba chenye malazi mengi makavu, na chakula kisikatike hata usiku mmoja, kwa sababu jike mwenye mimba kubwa akilala njaa siku nzima aweza kupata sumu ya mimba na kufa pamoja na watoto wake. Baada ya kuzaa usifungue kijumba kwa siku 7 hadi 10. Najua hamu ilivyo kubwa, lakini jike aliyesumbuliwa, hasa wa uzao wa kwanza, hula watoto wake. Sikiliza kwa nje: vilio vifupi vinavyotulia ni vya watoto wanaonyonya, kilio kisichokoma kina maana ya njaa au baridi, na hapo ndipo daktari aulizwe.

Mtoto huzaliwa kipofu, kiziwi, na uzito wa gramu 10 hivi. Macho hufunguka kati ya wiki ya nne na ya tano, lakini tangu wiki ya tatu, angali kipofu, hutambaa na kuanza kunyonya nyama iliyosagwa. Kuanzia hapo washike kila siku, mama akiwa amepelekwa pembeni kwa chakula. Waachishwe kunyonya wiki ya 6 hadi ya 8, na mama atazamwe tena kwa makini, kwani baada ya watoto kuondoka huweza kuingia kwenye joto upya.

Vifaa

Wavu wa mfuko ni wavu mdogo, wa urefu wa mita moja na kitu, wenye pete moja kila ncha na kamba inayozunguka ukingo hadi kwenye kigingi. Sungura akiugonga, kamba hukaza na wavu humfumba. Beba nyavu 20 au zaidi, uzihesabu unapoondoka na unapozikusanya, maana wavu uliosahauliwa shambani utaendelea kunasa na kutesa wanyama bila mtu kujua. Wavu mrefu, unaosimamishwa kwa vijiti kuzunguka kichaka, hufaa pale ambapo milango imefichwa na miiba.

Cha pili ni ukosi wenye kitoa ishara na kipokezi chake, kinachokuonyesha mahali fereti alipo chini ya ardhi na kina chake. Zamani dume mkubwa alifungwa kamba yenye mafundo na kuingizwa amfuate jike aliyelala ndani, kisha mwindaji huchimba akiifuata kamba. Kifaa hiki kimeiondoa karibu kabisa kazi hiyo ya mateso. Mimi simwingizi fereti shimoni bila ukosi wenye betri mpya, hata kama shimo lina milango miwili tu. Ongeza sepetu yenye mpini mrefu, sanduku la kubebea lenye matundu ya hewa na nyasi kavu, kisu, maji, na chakula kidogo. Desturi ya kumfunga fereti kinywa ili asiue haifai: akikwama au akikutana na panya wakali, hana cha kujitetea nacho.

Siku ya kuwinda

Majira ni ya baridi, tangu majani yanapopukutika hadi kabla ya sungura kuanza kuzaa kwa wingi. Katika Uingereza ni kati ya Oktoba na mwanzo wa Machi. Katika majira ya machipuko, baridi inapokwisha, mashimo huwa na vitoto visivyoweza kukimbia, fereti huviua na kulala hapohapo, na kuwinda wakati huo ni ukatili usio na faida. Siku nzuri ni ya baridi kavu, yenye upepo mdogo. Mvua kubwa na upepo mkali huwafanya sungura wagome kutoka.

Fereti apewe chakula chake cha kawaida jioni iliyotangulia, na asubuhi kidogo tu. Wapo wanaomshindisha njaa wakidhani atakuwa mkali zaidi. Atakuwa mkali kweli, ila atakayemfikia atamla, nawe utakaa juu ukimsubiri. Aliyeshiba mno naye atalala.

Lifikie shimo dhidi ya upepo, bila kuzungumza, bila kutua vitu kwa kishindo, kwa sababu sungura husikia nyayo kupitia udongo na akishajua kuwa mtu yuko juu hukubali kupambana na fereti kuliko kutoka. Watu wawili waelewane kwa ishara za mikono. Anza kutega milango ya pembeni, uende ukielekea katikati, na utafute kwa subira ule mlango mdogo uliofichwa chini ya mzizi au ndani ya nyasi, kwani sungura mzee atautumia huo. Mbwa aliyefunzwa, anayesimama kimya penye shimo lenye mnyama na kupuuza lililo tupu, huokoa nusu ya siku.

Tandaza wavu ufunike mlango wote na kuzidi kidogo. Pete ya chini iingizwe mdomoni mwa shimo, ya juu ivutwe juu yake, na kigingi kipigwe imara upande wa juu kwa mkono au kisigino, si kwa nyundo. Ondoa vijiti na mawe yanayoweza kuzuia kamba isikimbie. Kisha mvishe fereti ukosi, ukijaribu ishara yake, inua ukingo wa wavu, umweke mlangoni na kumwacha aingie kwa hiari. Anayesita asisukumwe, huenda anakuambia kwamba hamna kitu.

Simama nyuma ya milango, kivuli chako kisianguke juu yake. Pengine sungura atatoka kabla hujanyanyua mgongo, pengine baada ya nusu saa. Utasikia vishindo chini ya miguu, kwani sungura hupiga ardhi kwa mguu wa nyuma kuwaonya wenzake. Wavu ukinasa, uendee haraka, weka wavu wa akiba au mguu wako mlangoni kabla ya mwingine kupita, kisha umshughulikie aliyenaswa. Sungura asiachwe akihangaika wavuni. Auawe papo hapo kwa kuvunjwa shingo: miguu ya nyuma ikiwa imeshikwa kwa mkono mmoja, kichwa nyuma ya masikio kwa mkono wa pili, vuta kwa nguvu kuelekea chini huku ukikunja kichwa kuelekea mgongoni. Kuhakikisha, gusa jicho. Likipepesa, rudia mara moja. Jifunze hili kwa mtu mwenye ujuzi kabla ya siku ya kwanza.

Fereti kijana aanze akiwa na miezi 6 au zaidi, katika shimo dogo la milango mitatu au minne, siku ambayo huna haraka. Mafanikio mawili madogo yanatosha kwa siku. Akiingizwa mara ya kwanza katika shimo kubwa lenye madume ya sungura wenye mateke makali, huenda akakataa kazi kwa msimu mzima.

Fereti asipotoka

Akikawia, subiri kwanza dakika 10 hadi 15 bila kupiga kelele. Ndipo upitishe kipokezi polepole juu ya ardhi. Ishara ikihama, yuko kazini. Ikitulia mahali pamoja, ama amemwua sungura ama amemsukumia kwenye njia isiyo na kutokea, na sasa ni kazi ya sepetu. Hakikisha sehemu ishara inapokuwa na nguvu kuliko zote, soma kina, kisha chimba shimo pana lenye kuta zilizonyooka. Ukikaribia kina kile, weka sepetu pembeni, endelea kwa mikono, kwa sababu pigo moja la mwisho lililotupwa kwa uchovu laweza kumkata mnyama wako mwenyewe. Ukiifikia njia, ziba upande mmoja, mtoe fereti, kisha ingiza mkono uangalie kama kuna sungura mwingine nyuma ya wa kwanza. Udongo wote urudishwe na nyasi zifunikwe, maana ng'ombe au farasi wa mwenye shamba anaweza kuvunjika mguu katika shimo lililoachwa wazi.

Ikitokea ishara imepotea na jua limezama, ziba milango yote kwa udongo isipokuwa mmoja, na penye huo mmoja uache sanduku lake likiwa wazi, lenye malazi yake na kipande cha nyama. Rudi kabla ya mapambazuko. Mara nyingi utamkuta amejikunja ndani yake, amelala. Asipokuwepo, endelea kurudi asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, na uwajulishe majirani wa shamba hilo.

Baada ya kazi

Sungura aliyeuawa akamuliwe kibofu kwa kusukuma kidole gumba kuelekea chini ya tumbo, apasuliwe na kutolewa matumbo mapema, kisha atundikwe apoe. Vaa glavu, kwani sungura huweza kubeba tularemia, ugonjwa unaompata binadamu. Mwenye macho yaliyovimba na kutoa usaha ana miksomatosi, ugonjwa wa virusi wa sungura, na mwenye ini lenye madoa meupe mengi pia asiliwe wala asilishwe fereti.

Fereti apewe maji na nyama hapohapo shambani, afutwe matope, makucha yake yakaguliwe. Nyumbani, kabla ya kuvua viatu vyako, mrudishe kwenye malazi makavu yaliyobadilishwa asubuhi, umpe mlo kamili, kisha uzifungue nyavu zote, uzioshe udongo na kuzitundika zikauke, ukizihesabu kwa mara ya mwisho.